Vitu Vikuukuu na Habari Zake

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na hapana shaka walisema kweli. Mwanadamu hupenda kitu kipya, na kilichochakaa hukipa kisogo. Lakini leo, ndugu msomaji, nataka kukupeleka mahali ambapo vitu vilivyotupwa hupata bei mara ya pili, yaani soko la vitu vikuukuu. Wengi hulidhani kuwa kimbilio la maskini tu. Kwangu mimi ni maktaba, ila vitabu vyake ni vya chuma, mbao na nguo, na asiyejua kuvisoma hupita akaona takataka.

Biashara hii si ya nchi moja. Karibu na mji wa Paris, katika Ufaransa, pana mahali paitwapo Saint-Ouen. Mwishoni mwa karne ya 19 waokota matambara walikusanyika huko, nje ya kuta za mji, wakatandaza chini vitu walivyookota. Watu wakaliita soko la viroboto, kwa kuwa walidhani nguo na magodoro yale yamejaa wadudu hao. Siku hizi hata matajiri huenda huko kutafuta samani za kale, na jina lile la dharau halijabadilika.

Sasa turudi kwetu. Elburgon ni mji mdogo katika nyanda za juu, magharibi ya Nakuru, kando ya msitu wa Mau, baina ya Njoro na Molo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita sehemu hizi ikielekea ziwani, ikafika Kisumu mwaka 1901. Garimoshi lilihitaji kuni, na nchi ilihitaji mbao za kujengea. Na msituni mlikuwa na mierezi na miti ya podo. Kwa hiyo Elburgon ukawa mji wa mbao. Viwanda vya kupasulia magogo vilijengwa, wakaja wapasuaji, maseremala, mafundi wa mitambo na wachukuzi. Kila mmoja alikuwa na zana zake, na aghalabu zana hudumu kuliko mikono iliyozishika.

Asili ya pili ya vitu vya kale katika sehemu hizi ni walowezi. Nchi hii ilikuwa katika eneo lililotengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya Wazungu, na nyumba zao zilikuwa na vitu vilivyoletwa kwa meli: vyombo vya kauri, saa za ukutani, santuri na vyerehani. Mwaka 1962 ulianza mpango wa kugawa ekari milioni moja za mashamba kwa Waafrika, na tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru. Walowezi wengi waliuza mashamba wakaondoka. Aendaye safari ya bahari hawezi kubeba kila kabati. Basi dalali alipiga mnada, au vitu vikaachiwa wapishi na watumishi. Yamkini kabati lililotoka Uingereza limo leo katika nyumba ya mtu ambaye babu yake alikuwa akilifuta vumbi. Hiyo nayo ni historia, lakini huikuti katika vitabu vya shule.

Asili ya tatu ni mitumba. Nchi ilipolegeza masharti ya biashara mwanzoni mwa miaka ya 1990, marobota ya nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani yalimiminika, na soko la Gikomba, Nairobi, likawa kitovu chake. Mwaka 2020 serikali ilipozuia mitumba kwa miezi michache kwa kuhofu ugonjwa wa korona, ndipo wengi walipotambua ni jamaa wangapi wanaoishi kwa biashara hiyo.

Huenda ukauliza, nitalijuaje soko zuri? Anza kwa kuuliza watu wa mji ule walifanya kazi gani. Mji wa mbao utakupa misumeno, randa na patasi. Mji wa reli utakupa fanusi. Miji ya pwani kama Lamu na Mombasa itakupa masanduku na milango ya nakshi. Kisha amka mapema, maana wachuuzi wazoefu hufika alfajiri. Usiishie penye meza zilizopangwa vizuri. Nenda nyuma, kwa mafundi wa jua kali na wanunuzi wa chuma chakavu. Msalimu mwenye mali kwa heshima, na kabla ya kutaja bei, muulize, "Mzee, kitu hiki kilitoka kwa nani?"

Swali hilo nililijifunza kwa kuchelewa. Siku moja hapo Elburgon nilikuta randa ya mbao kwenye lundo la mnunuzi wa vyuma. Alitaka ule wembe wake tu, kwa kuwa chuma hupimwa kwa mizani; mbao ingekuwa kuni za jioni. Nilipoigeuza niliona herufi tatu zilizochongwa kwa kisu, kwa uangalifu mwingi. Nilimuuliza ni za nani. "Mwalimu," akaniambia, "mimi nimeletewa na kijana, na yule kijana simjui." Nilinunua randa ile, nayo ipo juu ya meza yangu mpaka sasa. Seremala aliyeitumia ameniachia herufi tatu tu. Laiti ningalifika siku moja kabla, nikamkuta yule kijana, huenda ningalipata jina lake na habari zake.

Tena swali hilo ni kinga. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 hukihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Mwaka 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na afisa wa Kiingereza, na fimbo zake zikachukuliwa. Zilirudi mwaka 2006, baada ya miaka 101. Mwaka 1985 vigango viwili vya jamaa moja ya Wamijikenda viliibwa, vikauzwa hata vikafika Marekani, vikarudishwa mwaka 2007. Na hapa karibu nasi, katika machafuko ya 1992 na ya mwanzo wa 2008, watu wengi wa Molo na sehemu za jirani walikimbia makwao wakiacha vyombo vyao. Kiti kinachouzwa kwa bei rahisi mno huenda kina mwenyewe anayekikumbuka. Ukijibiwa kwa kusitasita, rudisha fedha mfukoni uende zako.

Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari. Kwa hiyo, msomaji wangu, chukua daftari lako la shule uandike mambo manne juu ya kila kitu cha kale uonacho: ni kitu gani, kilitengenezwa na nani, kilitumiwa na nani, na kilifikaje hapo. Si lazima ununue. Anza nyumbani, kwa pasi ya makaa ya nyanya yako au shoka la babu yako, maana hao wanaweza kukujibu. Kisha ukipata nafasi, tembelea Hyrax Hill hapo Nakuru, au Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa Nairobi mwaka 1971, ujionee jinsi vitu vidogo vinavyoweza kusema vikihifadhiwa pamoja na habari zake. Lakini usikawie. Wazee wanaondoka, na mnunuzi wa chuma hupita na mizani yake kila siku.