Sarafu Iliyopotea Nyumbani: Historia ya Wasichana Waliochelewa Kutambuliwa



Katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anasimulia mifano mitatu ya waliopotea. Kondoo alipotea nyikani, mbali na kundi. Mwana mpotevu alikwenda nchi ya mbali. Lakini sarafu ya yule mwanamke ilipotea ndani ya nyumba yenyewe. Haikulia, haikukimbia, haikumsumbua mtu. Ilibidi mwenye nyumba awashe taa, afagie, na kutafuta kwa bidii mpaka aione. Katika tafakari hii tunataka kusimulia historia ya watoto walio mfano wa sarafu hiyo: wasichana wenye tatizo la umakini, ambalo madaktari wa nchi yetu hulitaja kwa herufi za Kifaransa TDAH.

Tatizo hili ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Mtoto mwenye nalo hushindwa kushika jambo moja kwa muda, husahau upesi, hupoteza vitu, huanza kazi asiimalize. Wengine hawawezi kutulia, nao hujibu kabla swali halijaisha. Kila mmoja wetu hupatwa na mambo hayo siku moja moja. Kwa mtoto huyu ni ya kila siku, nyumbani na shuleni, nayo humharibia masomo na urafiki. Mara nyingi hali hii hurithiwa katika ukoo. Haitokani na uvivu, wala malezi mabaya, wala laana.

Madaktari walianza kuiandika zamani. Mwaka 1798 daktari Alexander Crichton, mzaliwa wa Scotland, alieleza habari za watu ambao akili zao haziwezi kukaa juu ya jambo moja, akakiri kwamba mtu aweza kuzaliwa na hali hiyo. Mwaka 1845 daktari Heinrich Hoffmann wa Frankfurt, Ujerumani, alitoa kitabu cha mashairi na picha kwa ajili ya watoto. Katika matoleo yaliyofuata yumo Philipp asiyetulia mezani, na Hans atembeaye akitazama angani mpaka akatumbukia majini. Wote wawili ni wavulana.

Mwaka 1902 daktari George Still alitoa mafundisho matatu mbele ya chuo cha waganga mjini London. Aliwaeleza watoto 20 ambao, ingawa walikuwa na akili, walishindwa kujitawala. Kati yao 15 walikuwa wavulana, na 5 wasichana. Tuangalie vema hesabu hiyo: wasichana walikuwapo tangu mwanzo. Ila Still aliona tatizo hilo kuwa kasoro ya kujizuia kimaadili, na kwa muda mrefu waliomfuata walitafuta zaidi watoto wenye fujo.

Huko Marekani, katika jimbo la Rhode Island, palifunguliwa mwaka 1931 nyumba ya kuwatibu watoto wenye matatizo ya akili na tabia. Ilijengwa kwa mali ya familia ya Bradley na kupewa jina la binti yao Emma, ambaye utotoni aliugua uvimbe wa ubongo na hakupona madhara yake. Ni katika nyumba hiyo kwamba mwaka 1937 daktari Charles Bradley aliwapa watoto 30 dawa ya kuchangamsha, akashangaa kuona wengi wao wakitulia na kusoma vizuri. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon, katika kiwanda cha Ciba huko Uswisi, alitengeneza dawa nyingine ambayo baadaye iliitwa Ritalin, kutokana na jina la mke wake, Rita. Nyumba ilibeba jina la msichana, dawa ilibeba jina la mwanamke. Lakini msichana mwenyewe, aliyekaa kimya darasani, alikuwa bado hajaonekana.

Kwa nini hakuonekana? Sababu moja ni jina lenyewe. Mwaka 1968 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kilikiita kilema hiki kwa kutaja mhangaiko wa mwili. Mwalimu humpeleka kwa daktari yule anayemvurugia darasa. Anayetazama dirishani humwacha. Hapo Mungu alimwinua mwanamke mwenye taa. Virginia Douglas, mwanasaikolojia wa Montreal, Kanada, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba umakini na kujizuia vina uzito zaidi kuliko kule kukimbiakimbia. Mwaka 1980 kitabu kile kilibadilisha jina, kikatambua upungufu wa umakini, uwe na mhangaiko au usiwe nao. Sasa mtoto mkimya aliyepotea katika mawazo yake alipata nafasi katika kitabu cha madaktari.

Hata hivyo safari ilikuwa bado ndefu. Toleo la mwaka 1994 liliandika kwamba kwa kila msichana mmoja wako wavulana 4 hadi 9, kutegemea mahali walipohesabiwa. Toleo la mwaka 2013 linasema kwa watoto ni wavulana wapatao 2 kwa msichana 1. Toleo hilo pia liliongeza umri wa dalili kuonekana, kutoka miaka 7 hadi 12, jambo linalowasaidia wale ambao matatizo yao hujitokeza masomo yanapokuwa magumu. Hatuamini kwamba wasichana waliongezeka ghafla katika miaka 19. Kwa sehemu kubwa, kilichoongezeka ni mwanga wa taa.

Mwanga huo ulionyesha pia uchungu. Kati ya mwaka 1997 na 1999, mwanasaikolojia Stephen Hinshaw wa Berkeley, California, aliwakusanya wasichana 140 wenye tatizo hili na wengine 88 wasio nalo, akaendelea kuwafuatilia mpaka utu uzima. Mwaka 2012 yeye na wenzake walitangaza kwamba, kati ya wale waliokuwa na upungufu wa umakini pamoja na mhangaiko, zaidi ya 1 katika kila 5 alikuwa amejaribu kujitoa uhai. Kwa wenzao wasio na tatizo ilikuwa kama 6 katika 100. Basi tusiseme kwamba haya ni mambo madogo ya watoto wasahaulifu. Msichana anayeambiwa kila siku kwamba hafai, mwisho aweza kusadiki.

Nasi hapa Kongo, je? Mvulana akisahau, husemwa kwamba atakua. Msichana akiunguza chungu, akisahau ndoo kisimani au mdogo wake mgongoni mwa jirani, huulizwa nani atamwoa. Kwa hiyo hujifunza kujificha. Hunakili daftari la mwenzake usiku, hucheka anapokaripiwa, hujibu ndiyo hata asiposikia agizo. Karo ya shule inapopungua, yeye ndiye hutolewa wa kwanza, kwa kuwa husemwa hasomi. Na pabaya zaidi, wako wanaoitwa wachawi. Tukumbuke kwamba Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, zinakataza kumshitaki mtoto uchawi. Anayefanya hivyo, hata kwa kisingizio cha sala, anamkosea Mungu na anavunja sheria ya nchi.

Sisi wenyewe hatuna mikono safi. Tumewahi kumwondoa msichana katika kwaya kwa sababu alichelewa mara tatu na kupoteza karatasi za nyimbo. Hatukumwuliza neno. Tulijiona walinzi wa nidhamu, kumbe tulikuwa tumeifagia sarafu pamoja na takataka.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusijifanye madaktari. Dalili kama hizi zaweza kutoka katika malaria iliyopanda ubongoni, masikio mabovu, njaa, usingizi haba, au hofu ya vita ambayo wengi wa watoto wetu wameiona. Tuongee na wazazi kwa heshima, na mwalimu, na mganga wa kituo cha afya. Dawa ni kazi ya daktari peke yake. Lakini mengine yamo mikononi mwetu. Tumkalishe karibu na kiongozi. Tumpe agizo moja kwa wakati mmoja, kisha tumwombe alirudie kwa maneno yake. Tumwandikie siku na saa ya mkutano. Tumpe kazi ya kusimama na kutembea, kama vile kugawa vitabu vya nyimbo. Tumsifu papo hapo anapofanya vema. Tumpatie rafiki wa kumkumbusha bila kumwaibisha. Katika makundi yetu ya Kizito-Anuarite, Xaveri na Kiro, hayo yote hayagharimu hata faranga moja. Na msichana akisema amechoka kuishi, tusimwache peke yake, wala tusifiche siri hiyo. Tumfikishe upesi kwa mtu mzima wa kuaminika na kwa mganga.

Yule mwanamke wa Injili hakuikasirikia sarafu yake kwa kupotea. Thamani yake haikupungua hata kidogo ilipokuwa gizani. Na alipoiona, aliwaita rafiki na jirani zake washangilie pamoja naye. Furaha hiyo ndiyo tunayoitamani katika kila parokia yetu.

Maswali ya kutafakari pamoja:

1. Katika kundi letu, ni msichana gani aliyeacha kuja, nasi hatukumwuliza sababu?

2. Ni majina gani tunayowapa wenzetu wanaosahau au wasiotulia? Tutayaacha namna gani?

3. Juma hili, kila mmoja wetu atawasha taa gani nyumbani mwake?

Ee Bwana, utupe macho ya kuwaona wale wasiopiga kelele. Amina.