Robo Karne ya Mtaji: Microfinance Support Centre na Wachuuzi wa Kalerwe

Mchuuzi wa nyanya wa soko la Kalerwe, Kampala, anahitaji fedha kabla jua halijachomoza. Malori ya matoke, kabichi, nyanya na mananasi huingia kungali na giza na kushusha mzigo kando ya Barabara ya Gayaza, na mwenye pesa taslimu ndiye anayechagua mzigo mzuri. Asiye nazo huchukua bidhaa kwa mali kauli, au humwendea mkopeshaji anayedai marejesho kila jioni, na faida ikaliwa kabla hajauza fungu la kwanza. Microfinance Support Centre, ambayo Waganda wengi huiita MSC, iliundwa ili mtu wa namna hii apate mtaji kwa riba inayobebeka. Ilisajiliwa mwaka 2001. Kumfikia mchuuzi wa Kalerwe kuliichukua muda mrefu zaidi ya ilivyostahili, na sababu zake zinafaa kuelezwa wazi.

Serikali ya Uganda ilikuwa imekwisha kujaribu kukopesha watu wadogo. Mwaka 1987 ulikuja mpango wa wakulima wa vijijini uliopitia Uganda Commercial Bank, na katikati ya miaka ya 1990 ukafuata mpango wa Entandikwa. Yote miwili iliacha madeni mengi yasiyolipwa. Fedha za serikali zikitolewa wakati wa siasa, mkopaji huzihesabu kuwa asante ya kura, na asante hairudishwi. Kisha likaja anguko la mabenki. Teefe Bank ilifungwa mwaka 1993, International Credit Bank mwaka 1998, na mwaka 1999 zikafuata Greenland Bank na Cooperative Bank. Hili la mwisho liliumiza zaidi, kwa kuwa benki ya ushirika ilikuwa na wateja wa kipato cha chini katika miji midogo mingi. Mwaka 2002 serikali iliiuza Uganda Commercial Bank kwa Stanbic. Watu wa chini walibaki na mashirika machache yaliyojua kazi yao, kama Uganda Women's Finance Trust iliyoanza mwaka 1984 na FINCA iliyoingia mwaka 1992, pamoja na vikundi vyao wenyewe vya kuchangiana, nigiina, ambavyo havikuwahi kufunga milango.

MSC ilizaliwa katika mazingira hayo. Chimbuko lake ni mradi wa fedha ndogondogo vijijini uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, nayo ikasajiliwa kama kampuni ya serikali isiyogawa faida, chini ya Wizara ya Fedha. Waanzilishi walikuwa wamejifunza kutokana na Entandikwa. Ofisa wa serikali asimkopeshe raia mmoja mmoja. Ofisi ikopeshe kwa jumla, nazo SACCO (vyama vya akiba na mikopo), vyama vya ushirika na taasisi ndogo za fedha zikopeshe kwa rejareja, kwa sababu anayeijua tabia ya mkopaji ni jirani yake. Ulikuwa uamuzi wa busara, na ndio uliokiwezesha kituo hiki kudumu wakati mipango mingine ilikuja na kupita na mawaziri wake.

Lakini uamuzi huohuo uliiacha Kalerwe nje. Jina la mradi mama lilitaja vijijini, na kwenye karatasi za mipango mchuuzi wa Kampala alionekana mtu wa mjini mwenye benki karibu. Kweli benki zilikuwa karibu. Zilitaka hati ya ardhi, leseni na hesabu zilizoandikwa, wakati yeye ana meza ya mbao katika eneo asilomiliki. Mkulima wa Luweero aliweza kufikiwa kupitia ushirika wake. Mama aliyekuwa akiuza mananasi ya mkulima huyohuyo hakuwa na chama kinachotambuliwa.

Mwaka 2007 na 2008 kampeni ya serikali ya Bonna Bagaggawale iliagiza kila kata iwe na SACCO, na MSC ikawa mkono wa kuzipatia mikopo. Vyama viliundwa kwa kasi kuliko uwezo wa kuvisimamia. Vingine vilikufa na akiba za wanachama. Sheria ya mwaka 2003 ilikuwa imeziweka chini ya Benki Kuu taasisi ndogo zinazopokea amana za umma, lakini SACCO zilingoja hadi mwaka 2016 ndipo ikatungwa sheria ya taasisi za fedha za ngazi ya nne iliyoleta mamlaka ya kusimamia mikopo midogo na wakopeshaji binafsi. Miaka hiyo kumi na zaidi ya vyama kukosa msimamizi ndiyo iliyowafanya watu wengi sokoni washtuke hadi leo wakisikia neno SACCO. Hofu yao ni halali.

Jambo moja zuri halisemwi vya kutosha. MSC ilianza kutoa fedha kwa misingi ya Kiislamu, kwa ushirikiano na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, miaka kadhaa kabla ya Uganda kutoa leseni ya benki ya kwanza ya Kiislamu mwaka 2023. Badala ya kukopesha kwa riba, mfadhili hununua bidhaa na kumuuzia mhitaji kwa faida inayojulikana mwanzoni, naye hulipa kidogo kidogo. Kwa mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa akikwepa mikopo kwa ajili ya dini yake, mlango ulifunguka.

Soko lenyewe liliingia katika hesabu za MSC mwaka 2019, Rais Museveni alipozindua mpango wa mitaji wa Emyooga na kazi ya kuusimamia ikapewa MSC. Safari hii watu walipangwa kwa kazi zao, na wachuuzi wa masoko wakapata kundi lao, kando ya boda boda, wasusi, mafundi magari, washonaji na wenye mikahawa. Kila SACCO ya kazi moja katika jimbo la uchaguzi ilitengewa shilingi milioni 30. Ile ya viongozi wa kuchaguliwa ilipewa milioni 50, tofauti ambayo mimi siioni haki yake. Zaidi ya SACCO 6,000 ziliundwa nchini.

Kati ya uzinduzi na ugawaji ikaja korona. Machi 2020 usafiri wa umma ulisimamishwa, wauza vyakula peke yao wakaruhusiwa sokoni, na Rais akawaagiza walale hukohuko. Wanawake walilala chini ya vyandarua kando ya mizigo yao ili Kampala ile. Wengi walitoka katika kipindi hicho wamekula mtaji wote, kwa hiyo fedha za Emyooga zilikuta njaa kubwa. Pia zilikuta uchaguzi wa Januari 2021, na makosa ya Entandikwa yakapata nafasi ya kurudi: vyama viliundwa haraka, mafunzo yakawa machache, marejesho yakasuasua.

Hesabu nayo ni ngumu. Milioni 30 zikigawiwa wanachama 300, kila mmoja anapata shilingi 100,000, na mzigo wa sokoni huoza. Kalerwe ipo bondeni, karibu na mfereji wa Nsooba unaoelekea Lubigi. Mvua kubwa ikinyesha, maji huingia vibandani. Mkopo uliopangwa kwa msimu wa mahindi haumfai mtu ambaye msimu wake ni siku moja. Mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia uliozinduliwa Februari 2022, wa hadi shilingi milioni moja kwa kaya, uliongeza kiasi, lakini ulielekezwa zaidi kwa kaya zinazolima na kufuga kuliko kwa muuzaji.

Hata hivyo MSC imelinda jambo moja kwa robo karne: imani kwamba watu wa chini wakijipanga katika chama wanaweza kukopa na kulipa. SACCO za wachuuzi zenye vitabu safi na viongozi wanaoitisha mikutano zinaithibitisha. Kinachotakiwa sasa ni maofisa wanaofika sokoni alfajiri, wakati biashara inafanyika, na mikopo inayolipwa kwa mwendo wa mzigo. Nawe mchuuzi mwanachama, usingoje ofisi: kwenye mkutano ujao muombe mweka hazina akufungulie daftari la mikopo, ulisome jina kwa jina.