Mipira ya vakyumu: kwa nini gari la mzee lina utumbo mwingi hivi?

Fungua boneti ya Corolla ya kabureta ya miaka ya 1980, halafu jaribu kuhesabu vile vimipira vyeusi. Utachoka. Gari la baba lilianza kupandisha na kushusha silensa lenyewe, likipiga mluzi kama birika. Mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki ulikuwa umepasuka. Fundi wa mtaani hakuwa na mwingine, akaunga kipande chembamba na kukichomeka kwenye katundu ka kabureta "kanakonyonya". Silensa ikatulia. Jioni mzee anashuka mlimani, breki ngumu kama jiwe!

Kosa liko wapi? Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1643 Mwitaliano Torricelli alipima uzito wa hewa kwa zebaki: usawa wa bahari hewa husimamisha zebaki milimita 760 hivi. Kumbe vakyumu "hainyonyi" kitu, hewa ya nje ndiyo inayosukuma. Kwenye silensa kibamba cha kuruhusu hewa kimefungwa karibu chote, pistoni zinavuta, na ndani ya manifodi kunabaki upungufu wa milimita 450 hadi 550 za zebaki. Nguvu ya bure hiyo, na watengenezaji hawakuiacha. Magari mengi ya Marekani yaliwahi kuendesha waipa kwa vakyumu. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima wakati wa mvua, kibamba kinafunguka, vakyumu inapotea, waipa zinalala. (Sijui nani aliona hilo ni wazo zuri.)

Lakini utitiri wenyewe wa mipira uliletwa na moshi. Miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu mchafu wa Los Angeles unatokana na mvuke wa mafuta na oksidi za naitrojeni zikipigwa na jua. Sheria ya hewa safi ya Marekani ikaja 1970, na mwaka 1978 Japani nayo ikabana oksidi hizo hadi gramu 0.25 kwa kilomita. Kompyuta za magari zilikuwa bado changa, hivyo kazi ya kuamua lini moshi urudishwe kwenye injini, au lini cheche iwahi, ikapewa vali na mipira. Ile mipira ndiyo ilikuwa programu ya gari.

Ndiyo maana matundu hayafanani. Mengine yako chini ya kibamba, kwenye manifodi, na yana vakyumu tangu silensa. Mengine yako juu yake kidogo, kwa ajili ya distribyuta, na hupata vakyumu pale tu unapokanyaga mafuta. Fundi wetu alichagua la pili. Sasa fikiria: mguu unatoka kwenye mafuta lini? Pale pale unapohitaji breki.

Tulinunua mpira mnene wa kazi hiyo, tukaurudisha kwenye manifodi, pamoja na ile vali yake ya njia moja. Ukitaka kupima la kwako, zima gari, pampu breki mara tano hivi mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie chini, kisha washa. Pedali isipozama kidogo, usitoke nalo nyumbani.