Noeli na Bonane: namna ya kupendezesha nyumba bila kugusa makuta ya Januari

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, mwezi wa 12 unakuja na hesabu mbili. Ya kwanza ni ya sikukuu: wageni watapita, watoto wanataka kuona nyumba imebadilika, na shemeji anayetoka Butembo ao Uvira hawezi kupokelewa katika saloni yenye kuta nyeusi juu ya moshi. Ya pili ni ya Januari: minerval ya watoto wa sekondari, kodi ya nyumba, na biashara ambayo inalala kisha Bonane. Familia nyingi zinaingia mwaka mupya na deni sababu ya hesabu ile ya kwanza. Ila vitu vingi vinavyofanya nyumba ionekane ya sikukuu vinapatikana ku soko la kawaida, ku haie ya jirani, ao viko tayari ndani ya nyumba.

Ukuta kwanza

Mtu akiwa na franka kidogo tu za kutumia, aziweke ku ukuta. Mti wa plastiki wa dukani unaonekana juma mbili, kisha unarudi ndani ya karto. Ukuta mweupe unaonekana mwaka muzima, na unasaidia pia taa: katika chumba cheupe, balbu moja ndogo ya panneau ya jua inaangaza kuliko balbu mbili katika chumba cheusi.

Kwa nyumba za udongo na za matofali, chokaa ndiyo rangi ya bei ya chini. Inafanya kazi namna hii: ikishapakwa, inavuta hewa ya kaboni na kugeuka jiwe jembamba linaloshika ukuta. Kipimo kinachojulikana ni kilo 10 za chokaa iliyozimwa (ile ya unga), kilo 3 za chumvi, na karibu litre 18 hadi 20 za maji, maana yake bidoo moja ya manjano. Chumvi inayeyushwa kwanza katika maji ya moto, kisha chokaa inaingia polepole huku mtu anakoroga. Mchanganyiko unapitishwa katika kitambaa ao chujio ili mabonge yabaki, na unalala usiku moja.

Kabla ya kupaka, ukuta unafagiwa na kulowanishwa kidogo. Ukuta mkavu unakunywa maji ya chokaa haraka, na kisha siku chache unga mweupe unabaki ku nguo za kila anayeegemea. Tabaka mbili ao tatu nyembamba ni bora kuliko moja nzito. Wengi wanakata tamaa siku ya kwanza, sababu chokaa mbichi inaonekana kama maji matupu. Weupe unakuja ikikauka. Na tusisahau kwamba Desemba kwetu Kivu ni mvua. Kazi ianze asubuhi ya siku yenye jua, milango wazi, na isingojee tarehe 24.

Chokaa inachoma ngozi na inaharibu macho. Anayepaka avae glavu ao afunge mikono na sashe, na watoto wakae mbali. Ikiingia ku jicho, ni kuosha na maji safi mengi, bila kusugua, na kwenda ku kituo cha afya.

Vijijini wamama wengi wanajua pembe, ule udongo mweupe unaouzwa katika mabonge ku soko. Unasagwa, unaloweshwa, na unachanganywa na uji mwembamba wa unga wa mihogo ili ushike. Ni muzuri ndani ya nyumba; nje mvua moja inauondoa. Na udongo mwekundu na masizi ya makala, rangi zinakuwa tatu: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Ni rangi zilezile ambazo Wamangbetu wa Haut-Uele walitumia kupamba nyumba zao kwa pembetatu na mistari. Kijiji cha sultani Ekibondo kilijulikana sana wakati wa ukoloni kwa kuta zake, hata wapiga picha wa kigeni walifunga safari kwa ajili yake. Mstari moja wa pembetatu nyekundu chini ya ukuta mweupe, kwa urefu wa mkono, unaficha pia uchafu wa matope ambao mvua inarusha. Yaani urembo unafanya na kazi.

Nyumba za mbao

Goma ina shida yake. Tangu lava ya tarehe 17 Januari 2002 ipite katikati ya mji, nyumba za mbao zimejaa juu ya mawe ya volkano. Ni nyepesi, zinajengwa haraka, na zinaweza kubomolewa na kuhamishwa. Lakini kati ya mbao kuna nafasi, na vumbi jeusi linaingia. Watu wanafunika ndani na karto, shitingi ao kitambaa. Karto ni ya bei ya chini na inakinga baridi, ila inafaa kupangwa: maandishi yaelekee ku mbao, upande usioandikwa uelekee chumbani, vipande vyote viwe na kimo kimoja, na mahali vinapokutana pafunikwe na kipande chembamba cha mbao ao utepe wa kikwembe. Juu ya karto, rangi ya maji inashika vizuri. Chokaa inapasuka na kuanguka.

Kama mbao zenyewe zina rangi ya mafuta ya zamani, zisikwanguliwe zikiwa kavu. Rangi za kale zinaweza kuwa na plomb, na vumbi lake ni sumu kwa ubongo wa watoto. Ziloweshwe kwanza, takataka zikusanywe, na chumba kipanguswe na kitambaa cha maji.

Mpangaji aongee na mwenye nyumba mbele ya kununua rangi. Wengine wanakubali kupunguza kodi ya mwezi moja ikiwa wanaona facture. Makubaliano yaandikwe ku karatasi, hata katika kayé ya shule, na sahihi za wote wawili, maana maneno ya mdomo yanasahaulika upesi mpangaji akianza kudai garanti yake.

Kikwembe na mikeka

Pièce moja ya kikwembe ni yadi 6. Nusu yake, yadi 3, ni karibu metre 2 na sentimetre 74, na inatosha kufanya mafuko 6 ya mito ya fotei ya sentimetre 40 kwa 40. Fundi anakata vipande 6 vya sentimetre 43, kila kimoja kwa upana wote wa kitambaa, na anakunja nyuma kama bahasha, bila fermeture wala kifungo. Kisha sikukuu mafuko yanafuliwa na kuwekwa. Aliye na vikwembe vilivyochakaa katikati anaweza kutumia pembe zake ambazo bado zina rangi: zinatosha ku utepe wa rido ao kitambaa kirefu cha katikati ya meza. Rido yenyewe, mara nyingi, haihitaji kununuliwa. Inahitaji kufuliwa na kupigwa pasi.

Chini, mukeka unashinda tapi ya plastiki yenye maua, ambayo inapasuka kwa miguu ya viti ndani ya miezi michache. Hapa familia za Waislamu zina mazoea ya kufuata. Huko Kasongo, Maniema, ambako Uislamu uliingia karne ya 19 pamoja na misafara ya akina Tippu Tip, Idi inajulikana kwa mikeka safi, kitambaa kipya ku mlango na udi, kuliko kwa vitu vya kutundika. Sinia moja, watu wengi kuizunguka. Mapambo ni ule usafi.

Matawi, kreshi na maua

Kwa sapini, tawi la mcipre (cyprès) linatosha. Haie za mcipre ziko karibu kila avenue ya Bukavu na Goma, na zinakatwa kila mwaka. Mwenye nazo anaweza kutoa matawi bure. Tawi linasimamishwa katika kopo kubwa la maziwa lililojazwa mawe ya volkano na maji kidogo, na linabaki bichi siku nyingi. Kukata miti katika Parc ya Virunga, iliyoanzishwa 1925 na ambayo ni ya kwanza katika Afrika, kunakatazwa na sheria, hata kama ni tawi la Noeli.

Ua lenye majani mekundu linaloitwa étoile de Noël linaota wazi katika milima yetu. Wekundu ule ni majani, si ua lenyewe. Likikatwa linatoa maziwa yanayowasha ngozi. Ncha ikipitishwa ku moto kidogo, maziwa yanasimama na tawi linadumu katika chupa.

Kreshi waachiwe watoto: udongo wa kufinyanga kwa wanyama, majani makavu ya ndizi kwa paa. Haina bei, na inawashughulisha siku nzima ya likizo.

Moto

Sehemu hii isirukwe. Katika mitaa ya mbao, nyumba zinagusana, na moto wa nyumba moja unakuwa wa avenue nzima. Mapambo ndiyo yanayowaka kwanza: karatasi, pamba ya kuiga theluji (ambayo hapa kwetu hata haijulikani inatafuta nini), tawi lililokauka, rido.

Buji isiwekwe juu ya mbao ao karibu na rido. Ikae ndani ya chupa pana iliyokatwa ao kopo lenye mchanga, na izimwe kabla ya mtu wa mwisho kulala. Plafo ya kitambaa ni nzuri kwa macho lakini inachukua moto kwa dakika chache. Mwenye kuipenda asiiweke katika chumba ambamo wanapika. Mbabula isiingizwe katika chumba cha kulala ili kupunguza baridi. Makala inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa inatoa gazi isiyo na harufu, na watu wanalala wasiamke.

Kwa girlandi za umeme, prise moja isibebe ralonji juu ya ralonji. Waya ukipata moto ku mkono, ni kuondoa kitu kimoja mara moja. Kila umeme unapokatika, girlandi inyofolewe, maana courant mara nyingi inarudi na nguvu, na saa ingine inarudi usiku, wakati nyumba nzima imelala. Taa ndogo za panneau hazina hatari hiyo. Na ndoo moja ya mchanga ao maji ikae karibu na mlango, hata kama inaharibu kidogo sura ya saloni.