Mwami: cheo cha kurithi katika Lubero na Beni

Mwami ni cheo cha mtawala wa jadi wa Wanande, wanaojiita pia Bayira, katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hurithiwa ndani ya ukoo mmoja, na leo kipo katika maeneo manne ya usultani: Baswagha, Bamate na Batangi wilayani Lubero, na Bashu wilayani Beni. Kanyabayonga, mji wa barabara ya Goma kwenda Butembo, ndio ukingo wa kusini wa nchi hiyo. Ukiuvuka unaingia usultani wa Bwito wilayani Rutshuru, na huko pia mtawala huitwa mwami.

Urithi haukwenda kwa mzaliwa wa kwanza tu. Mrithi halali alikuwa mwana wa mumbo, mke aliyeolewa kimila kwa ajili ya kiti, hata kama mwami alikuwa na wana wakubwa kwa wake wengine. Cheo hiki kinatofautiana na vyeo vya makabaila wa Ulaya kwa jambo jingine pia. Udyuki wa Leinster nchini Ireland, uliotolewa kwa James FitzGerald mwaka 1766, ulitokana na hati ya mfalme, na mavuno mabaya hayakuweza kuutikisa. Mwami yeye alipimwa kwa mvua. Mtafiti Randall Packard, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu Bashu, anaonyesha kwamba mtawala alitegemea waleta mvua na wakuu wa matambiko ya ardhi. Njaa ilipoingia, watu walisema kiti kimeharibika, na ndugu mwenye wafuasi akapata mlango wa kukidai. Kuzaliwa kulimpa mtu haki ya kutawazwa. Kubaki kitini kulitaka shamba lizae.

Wakoloni wa Kibelgiji walikata uhusiano huo wa kiti na mvua. Kwa amri za 1910 na 1933 walikusanya watawala wadogo chini ya mkubwa mmoja, wakamkabidhi kazi ya kodi na ya kutoa vibarua. Tangu hapo mwami aliweza kukaa kitini hata mvua ikigoma, mradi serikali imemkubali, na hilo ndilo badiliko zito kuliko yote katika historia ya cheo hiki. Januari 1973 Rais Mobutu aliyageuza maeneo ya usultani kuwa kolektivite za serikali.

Katiba ya Kongo ya 2006 iliitambua tena mamlaka ya kimila, na sheria ya Agosti 2015 inasema kiti kirithiwe kwa desturi ya mahali, kisha serikali imtambue mrithi.

Ndugu wa Wanande, Wakonzo wa Uganda, walipita njia nyingine. Isaya Mukirane aliongoza uasi wa Rwenzururu kuanzia 1962 na kuanzisha ufalme mpya. Mwanawe, Charles Mumbere, alitambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009, kwa cheo cha Omusinga.