Makochi yanayokimbia: Waingereza nao yaliwakuta

Leo sizungumzii baridi wala Ligi Kuu. Ndugu kadhaa wamenipigia simu na malalamiko yale yale: wameweka marumaru (tailizi kwa lugha ya mtaani), nyumba inang'aa kama hoteli, lakini makochi hayatulii. Bibi akishika mkono wa kiti ili anyanyuke, kiti kinarudi nyuma. Hilo la bibi ndilo lililonifanya nichimbe, maana mzee akivunjika nyonga si jambo dogo. Nikakuta watu wa huku waliliona tatizo hili zamani sana.

Tangu karne ya 18 samani za matajiri wa Uingereza ziliwekewa vigurudumu vidogo vya shaba miguuni, wajakazi wapate kuzisogeza wakati wa kufagia. Baadaye vikaja na vya kauri. Juu ya zulia nene gurudumu linazama kidogo kwenye manyoya, basi linakaa. Sakafu ilipobadilika ndipo mambo yakaharibika.

Aliyeibadilisha ni Frederick Walton. Mwaka 1863 alipata hataza ya linoleamu, na mwaka uliofuata kiwanda kikaanza kazi Staines, magharibi ya London. Ni mafuta ya kitani yaliyoachwa yagandishwe na hewa, yakachanganywa na utomvu na unga wa kizibo (ndiyo, kizibo kama cha chupa ya mvinyo), kisha mchanganyiko ukabandikwa juu ya kitambaa kigumu. Huko Kirkcaldy, Scotland, Michael Nairn alikuwa na kiwanda cha turubai za kupaka rangi tangu 1847. Hataza ya Walton ilipokwisha, kampuni ya Nairn nayo ikaingia kwenye linoleamu. Walton akaishitaki kwa kutumia jina alilolibuni mwenyewe, akashindwa mwaka 1878. Mahakama iliona jina limeshakuwa la kitu chenyewe, kama sisi tunavyoita kila dawa ya meno Kolgeti. Maskini Walton!

Linoleamu ilienea hadi nyumba za watu wa kawaida, maana ilifutika kwa maji na haikuwa ghali. Tatizo ni kwamba akina mama waliipaka nta ikawa kama kioo, na kitanda chenye vigurudumu juu ya nta... mnajaza wenyewe. Dawa iliyotumika sana ni visahani vya kioo au mbao chini ya kila gurudumu. Kisahani kinazuia gurudumu kuviringika na kinatawanya uzito ili sakafu isibonyee. Ila kwa maoni yangu ni nusu dawa, kwa sababu kioo chenyewe juu ya nta kinateleza.

Dawa kamili ilikuwa mpira. Mpira mbichi unanata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Miaka ya 1840 Charles Goodyear kule Marekani na Thomas Hancock hapa Uingereza wakapata, kila mmoja kwake, hataza za kuupika mpira na salfa ukawa imara. Ndiyo asili ya zile raba tunazoziona kwenye ncha za mikongojo. Mpira laini unajibana kwenye vishimo vidogo vya sakafu ambavyo macho hayavioni, hivyo unashika hata palipo laini.

Mwaka 1977 kampuni ya Perstorp ya Sweden ikabuni sakafu za laminati, na mchezo ukaanza upya. Watu wakaogopa mikwaruzo, wakabandika vipande vya sufi chini ya miguu ya viti. Sufi inalinda sakafu, lakini inafanya kiti kiteleze zaidi! Mafundi wetu nao naona wanaibandika. Kwenye kiti cha mzee iondoeni.

Wekeni raba pana miguu yote minne, mfute vumbi kwanza na mfute tena kila mnapopiga deki, kwa sababu raba yenye vumbi haishiki chochote. Kiti kiegemezwe ukutani. Kama chumba kina sakafu ya plastiki badala ya marumaru, raba nyeusi ikikaa muda mrefu huacha doa la manjano lisilotoka, kwa hiyo wekeni kipande cha zulia chenye mgongo unaoshika usio wa mpira katikati yake. Kitanda cha magurudumu kifungwe breki, hasa usiku.

Haya, nawahi zamu. Mkishaweka nitumieni picha.