Walionunuliwa kwa Nguo: Imani na Nafsi ya Mtumwa Aliyeachwa Huru

Mwezi wa Juni 1873 Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash bin Said, baada ya kushurutishwa na Waingereza kwa tishio la manowari zao, alitia sahihi mkataba uliokataza kusafirisha watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Na kabla ya mwaka kwisha, siku ya Krismasi, jiwe la msingi la kanisa la Kiingereza liliwekwa Mkunazini, Unguja, katika kiwanja kilekile walichokuwa wakinadiwa wanadamu. Mgeni anayelizuru kanisa hilo huonyeshwa mahali pa madhabahu na kuambiwa kuwa ndipo uliposimama mti waliofungiwa watumwa wakachapwa, naye huondoka akidhani kuwa habari imekwisha. Wala haikwisha, kwa kuwa soko ni kiwanja tu, na kiwanja hubadilika kwa mapatano na fedha, ilhali itikadi aliyoondoka nayo sokoni mtu aliyenadiwa, ya kwamba thamani yake ni ile iliyotajwa na mnadi, haikutajwa katika mkataba wowote.

Itikadi hiyo ilikuwa na mizizi. Katika miji ya mwambao ya zama hizo mtu alipimwa kwa nasaba yake, kwa dini yake, kwa usemi wake na kwa vazi lake. Na mtumwa, ambaye nasaba yake ilikatwa siku alipotekwa, alitambulikana kwa miguu mitupu na kichwa wazi, maana viatu na kofia vilikuwa vya waungwana, na kuvivaa mbele ya bwana wake kulihesabiwa ufidhuli. Mtoto aliyetekwa upande wa ziwa Nyasa au katika nchi ya Wayao, akabadilishwa kwa doti za nguo mkono hata mkono kabla ya kufika pwani, mara nyingi hakufika na jina alilopewa na wazazi wake. Alifika na jina alilopenda mnunuzi, na juu ya jina hilo dharau ya kila siku, kwamba yeye ni mshenzi, hana kwao, hajui mbele wala nyuma. Aliyeyasikia hayo tangu utotoni aliyasadiki, na akisha kuyasadiki aliweza kutumwa sokoni peke yake bila mnyororo, akarudi.

Haki yanitaka niseme hapa kwamba Uislamu wa mwambao haukuhubiri dharau hiyo. Sharia ilihesabu kumwacha huru mtumwa kuwa jambo la thawabu kubwa, na wengi waliokuwa watumwa walijipatia heshima yao misikitini na katika halaka za dhikiri, hasa tarika ya Kadiria ilipoenea mwishoni mwa karne ya 19. Ninaowasimulia mimi ni kundi dogo zaidi, wale walioangukia mikononi mwa wamisionari, na sababu ya kuwachagua ni kwamba kwao twaweza kuona, kwa maandishi na kwa matendo, jinsi mtu anavyoacha kujidharau.

Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni iliyojulikana kwa herufi UMCA alikabidhiwa na Sultani wa wakati huo, Sayyid Majid, wavulana watano waliokamatwa jahazini. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule iliyokuja kukaa Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja. Huko alifundisha A. C. Madan, yule bingwa wa kamusi, ambaye mwaka 1887 alitoa kitabu cha habari za wanafunzi wake, zilizoelezwa na wenyewe kwa Kiswahili, naye akazifasiri kwa Kiingereza. Kila mvulana aeleza kijiji chake, siku ya vita au ya hila aliyotekwa, watu waliomuuza na waliomnunua, jahazi, na manowari iliyolikamata jahazi. Sidhani kama palipata kutolewa Kiungani fundisho la dini lililozidi kazi hii ya mwalimu wa lugha. Bidhaa haina habari za kueleza. Huelezwa na mwenye mali, kwa hesabu. Wavulana wale walikuwa wakisomeshwa kisa cha Yusufu, ambaye nduguze walimuuza kwa wafanya biashara waliokuwa wakienda Misri, kisa kilichomo katika Biblia na katika Kurani vilevile, na wakiambiwa kwamba aliyeuzwa hakupungua kitu mbele ya Mungu wake. Kisha wakapewa kalamu, nao wakaandika yaliyowapata wao, kila mmoja akianza kwa kusema mimi.

Upande wa Mombasa chama cha wamisionari cha CMS kilianzisha kijiji cha walioachwa huru, Frere Town, mwaka 1875, bara ya Kisauni, kikakiita kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Waingereza aliyetumwa kumkabili Sayyid Barghash kabla ya mkataba ule. Kengele yake, ambayo imeacha jina la Kengeleni hata leo, iliwaita watu sala na kuwaonya hatari. Waliowapokea wageni walioshushwa na manowari walikuwa Waafrika wa Bombay, yaani watu waliokamatwa baharini wangali watoto, wakapelekwa India, wakalelewa Sharanpur karibu na Nasik, wakajifunza useremala, uhunzi, Kiingereza na Biblia. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alikuwamo katika msafara ulioileta pwani maiti ya Livingstone, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika Westminster Abbey, London.

Watu hawa walivaa suruali, makoti na viatu. Wapo wamisionari walioudhika kwa vazi hilo, wakaliita kiburi, na UMCA kwao Unguja walishikilia kuwa Mwafrika Mkristo avae kanzu; kila upande ulikuwa na hoja zake, lakini sioni kama walioudhika walikumbuka maana ya kiatu katika mguu wa mtu ambaye mwambao mzima ulimkataza kukivaa. Na jaribu kubwa zaidi lilitoka ndani ya misheni yenyewe. Streeter, msimamizi wa Frere Town, aliwachapa wakazi viboko na kuwafunga, hata Konsuli John Kirk akaingilia kati kuchunguza mwaka 1881. Ingekuwa wepesi kwa waliozaliwa mara ya pili katika kijiji kile kusema moyoni kwamba bwana ni bwana, awe wa Kilwa au wa London, na kwamba mgongo wao uliumbwa kwa fimbo. Waafrika wa Bombay hawakusema hivyo. Walishtaki kwa wakubwa wa chama chenyewe. Hapa ndipo ninapoona imani ikifanya kazi yake kikweli, kwa sababu ubatizo waliopewa na Wazungu walipata kuusadiki kuliko baadhi ya Wazungu waliowabatiza, wakaufanya kuwa hoja ya kudai haki.

William Jones alikuwa mmoja wa hao, Myao kwa asili, mtu aliyepita utumwa, India na misheni ya Rabai karibu na Mombasa, hata mwaka 1885 Askofu Hannington akamfanya shemasi pamoja na Ishmael Semler. Miezi michache baadaye alifuatana na askofu katika safari ya Buganda. Hannington alimwacha na sehemu kubwa ya msafara mahali palipoitwa Kwa Sundu, ambapo leo ni Mumias, akaendelea mbele na watu 50, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba. Jones akabaki na wapagazi zaidi ya 100, bila mkubwa, chakula kikipungua, habari zikimjia vipande vipande. Alingoja hata asiwe na shaka tena, kisha akawaongoza watu wake kurudi, safari ya majuma mengi katika nchi kavu, akawafikisha Rabai mwanzoni mwa Februari 1886 wakitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, jina la maombolezo kutoka kitabu cha Samweli. Na mwenye kuyatenda hayo ni mtu ambaye wengine walikuwa wakibishana kama Mwafrika aweza kuaminiwa kazi bila Mzungu wa kumsimamia.

Rabai yenyewe ilikuwa imejaa watoro, na mabwana wao walikuwa wakiwadai. Mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza iliwalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni nyingine wakapata hati za uhuru. Hati ni kitu kizuri, lakini hata hati ile ilinunuliwa, na bei ikaandikwa.

Mwaka uliofuata Askofu Smythies alimfanya Cecil Majaliwa kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hiyo. Naye alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani, akasoma Kiungani na kisha Canterbury. Tangu 1886 alikuwa Chitangali, upande wa Masasi, kwa mfalme Nakaam, akifundisha na kujenga kanisa katika nchi ya watu wake, nchi ambayo misafara ya watumwa ilikuwa ikiipita kuelekea pwani. Baadaye alirudi Unguja, na miaka yake ya huko haikuwa na fanaka kama ile ya Chitangali. Mtu huweza kuishinda dharau ya zamani akakutana na uchovu mpya, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Mwaka 1934 James Mbotela, mwana wa mmoja wa waliokombolewa, alitoa kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, nao hawakukosea: mwokozi huja daima kwa manowari, na aliyeokolewa hachoki kushukuru, hata mtu ashuku kwamba katika shukrani hiyo lipo salio la unyonge wa kale. Hata hivyo kitabu chataja kutekwa na kuuzwa kwa wazee wake waziwazi, kwa Kiswahili, katika nchi ambayo wajukuu wa watumwa na wajukuu wa mabwana walikuwa wakikutana kila siku sokoni na barazani, na kila mtu akijua cha mwenzake. Kilichapishwa tena na tena, kikasomwa mashuleni na watoto wa pande zote mbili.